Mutuba: Mti wa Buganda Uvuliwao Gome Bila Kufa

Mpaka wa Tanzania na Uganda pale Mutukula huonekana ofisini, shambani hauonekani. Msafiri atokaye Bukoba huvuka Daraja la Kyaka juu ya Mto Kagera, hupita Bunazi, huonyesha karatasi zake kwa maofisa wa pande mbili, hubadilisha fedha, kisha hupanda gari liendalo Kyotera na Masaka. Akitazama dirishani, ayaonayo ni yale yale aliyoyaacha nyuma huko Misenyi: migomba, mibuni, udongo mwekundu, na nyumba zilizojificha katikati ya mashamba. Hata lugha haiko mbali sana na ya nyumbani, na Mhaya asikiaye Kiganda hukamata maneno mengi bila ya mkalimani.

Lipo, hata hivyo, jambo moja limfanyalo mgeni ageuze shingo. Katikati ya migomba husimama mti mnene kiasi cha kukumbatiwa na mtu mmoja, ambao shina lake lote, kutoka karibu na ardhi hadi chini ya matawi, limezungushiwa majani mabichi ya mgomba na kufungwa kamba. Mgeni hudhani kwamba ni mti mgonjwa uliofungwa bandeji. Mti huo si mgonjwa. Umevuliwa nguo, na umefunikwa ili usione baridi wala jua mpaka uote nguo nyingine.

Huo ndio mutuba. Ni wa jamii moja na mkuyu, na wataalamu wa mimea huuita Ficus natalensis. Kutokana na gome lake la ndani Waganda hutengeneza nguo iitwayo lubugo. Wazee wa Mkoa wa Kagera hawatashangazwa na habari hii, kwa kuwa mababu wa Wahaya nao walivaa nguo za magome kabla vitambaa vya pamba havijaenea. Tofauti ni kwamba upande wa Buganda ufundi huo haujazimika, na historia yake yaweza kumfundisha kila mtu anayejiuliza kama utamaduni wa taifa ni mali, au ni ngoma tu ya kuwachezea wageni uwanjani.

KAZI YA ALFAJIRI

Ufundi huo bado waonekana katika vijiji vya Masaka. Gome huvuliwa majira ya mvua, wakati mti umejaa maji na gome halijashikamana sana na shina. Fundi, ambaye Waganda humwita mukomazi, hufika mtini mapema. Kwanza hukwangua ganda gumu la nje. Kisha hukata duara moja chini na duara la pili juu, akapasua mstari mmoja wima kati ya maduara hayo, na kuanza kulibandua gome taratibu kwa kabari iliyochongwa katika shina la mgomba. Kabari hiyo ni laini, nayo haliumizi shina. Kosa la mkono mmoja laweza kuua mti uliomlisha baba na babu yake.

Gome likishatoka, kazi ya kwanza si kulishughulikia gome bali kuushughulikia mti. Shina lililobaki uchi huvikwa majani ya mgomba papo hapo, nayo hukaa kwa siku kadhaa hadi ngozi mpya ianze kuota. Baada ya mwaka mmoja hivi mti waweza kuvuliwa tena, na tena mwaka unaofuata, kwa miaka mingi. Wajuzi husema kwamba gome la kwanza huwa gumu na lenye kasoro. Yale yafuatayo ndiyo yatoayo nguo laini. Kwa hiyo mti uliotunzwa huongezeka thamani kadiri uzeekavyo, jambo lisilopatikana kwa mazao mengi.

Gome hupitishwa katika moto wa majani makavu ya migomba ili lilainike, kisha hupelekwa katika kibanda kisicho na kuta. Paa la kibanda hulizuia jua lisilikaushe gome upesi mno. Humo mafundi huketi mbele ya gogo refu lililochongwa bapa, wakaligonga gome kwa nyundo za mti mgumu zenye mifereji iliyochongwa kichwani. Nyundo ya kwanza ina mifereji mipana, ya pili mifereji ya wastani, na ya tatu mifereji myembamba. Kwa kila mpigo gome hutanuka, mpaka kile kilichokuwa kipande chembamba kikawa nguo ya kumtosha mtu mzima kujitanda mwili mzima. Mwisho hutandazwa juani na kuwekewa mawe pembezoni, na rangi yake hafifu hugeuka taratibu kuwa nyekundu ya udongo. Penye tundu hushonwa kiraka.

Katika kazi hiyo yote hapana mashine, hapana dawa za kiwandani, wala uzi uliosokotwa. Hapana pia mti uliokatwa. Ndiyo sababu mwaka 2005 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, UNESCO, liliutangaza utengenezaji wa lubugo kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi wa binadamu, na mwaka 2008 ukaingizwa rasmi katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

BABU, MJUKUU NA MNUNUZI WA MKAA

Sifa za kimataifa ni jambo jema, lakini haziufikii mti mahali uliposimama. Katika kijiji kimoja cha wilaya ya Bukomansimbi, isiyo mbali na Masaka, mzee mmoja alikuwa na mituba saba katika shamba lake la kahawa. Asubuhi moja alifika mnunuzi wa mkaa akiendesha pikipiki. Aliizunguka miti hiyo, akaigonga kwa ukingo wa kiganja kama mtu apimaye ng'ombe, akatoa bei ya miti minne iliyo mikubwa. Fedha alikuwa nazo mfukoni.

Mjukuu wa mzee, kijana mwenye umri wa miaka ishirini hivi, aliisikia bei hiyo, naye alikuwa na shauri lake.

"Babu," alisema, "miti hii imezeeka, na siku hizi hakuna avaaye lubugo. Tukiuza minne, nitapata fedha ya kuanzia pikipiki. Nitafanya kazi ya kubeba abiria Masaka, na wewe hutakosa sukari wala sabuni."

"Ni kweli hakuna avaaye, mjukuu wangu," mzee alijibu. "Lakini hakuna Muganda aliye na watu wake azikwaye bila ya hiyo."

"Mtu huzikwa mara moja tu, Babu."

Mzee alinyamaza. Jibu hilo halikuwa la utovu wa adabu. Lilikuwa la hesabu, na hesabu yenyewe ilikuwa sahihi. Kijana alitaka kazi, na nchi nzima imejaa vijana watakao kazi. Mnunuzi wa mkaa naye alikuwa na wateja wake Masaka na Kampala, watu wapikao chakula cha watoto wao kila jioni. Hapakuwa na mtu mbaya katika shamba lile.

Hatimaye mzee alimwomba mjukuu wake waende chini ya mutuba mkubwa kuliko yote, akamwambia ahesabu mibuni iliyo chini ya kivuli chake. Ilikuwa kumi na mmoja. Kisha akamwonyesha mibuni iliyokuwa juani upande wa pili wa shamba, ambayo majani yake yalikunjamana kiangazi kilichopita na mingine ikafa.

"Mnunuzi amepima mti," mzee alisema. "Kivuli hakukitia katika bei."

Shauri hilo halikwisha kwa ushindi wa mtu yeyote. Mzee aliuza mti mmoja, uliokuwa umeharibika kwa kuvuliwa vibaya miaka ya nyuma, akabakiza sita. Kijana alipokea fedha ambazo hazikutosha pikipiki. Mnunuzi alifunga magunia yake akaenda shamba la jirani, ambako hapakuwa na babu wa kuhesabu mibuni.

Mashamba yenye mashauri ya namna hiyo ni mengi mno. Takwimu za serikali ya Uganda zaonyesha kwamba misitu iliyofunika asilimia 24 ya nchi kavu mwaka 1990 ilikuwa imebaki asilimia 9 mwaka 2015. Haikupotea kwa amri ya mtu mmoja. Ilipotea mti baada ya mti, na kila mti ulikuwa na bei yake siku ile.

ENZI YA UTAJIRI WA MAGOME

Haikuwa hivyo siku zote. Ulikuwapo wakati ambapo mutuba wenyewe ndio uliokuwa benki. Masimulizi ya Waganda yasema kwamba hapo zamani lubugo ilikuwa vazi la ikulu, na kwamba Kabaka Ssemakookiro, aliyetawala mwishoni mwa karne ya 18, ndiye aliyeamuru watu wote wapande mituba na kuvaa nguo zake. Watu wa kawaida walivaa rangi nyekundu ya udongo; wafalme na machifu walivaa zilizotiwa rangi nyeupe au nyeusi. Magome yalitolewa kama kodi, yakalipwa kama mahari, na yakauzwa mbali, hadi Bunyoro na Karagwe. Mzungu Speke alipofika katika ikulu ya Kabaka Mutesa I mwaka 1862, alikuta baraza zima limejitanda lubugo.

Katika hali kama hiyo hapakuhitajika mlinzi wa misitu kwa miti ile. Mwenye mituba mingi alikuwa mwenye mali. Aliipanda kwa kuchomeka vigingi vibichi ardhini, akaifanya ua wa nyumba yake, na majani yaliyoanguka yakaurutubisha mgomba. Hata ukoo wenyewe ulipewa jina la mti huo. Waganda huugawa ukoo katika sehemu: sehemu kubwa huitwa essiga, yaani figa la meko, na chini ya essiga hufuata mutuba. Mtu akiulizwa yeye ni wa mutuba gani, haulizwi habari za shamba. Anaulizwa yeye ni nani.

Basi utamaduni, mali na mazingira vilikuwa kitu kimoja, kama mafiga matatu chini ya chungu kimoja. Lakini chungu huanguka figa moja likiondolewa, na kwa mutuba figa lililoondolewa kwanza lilikuwa la mali.

RUPIA TATU

Katika karne ya 19 wafanyabiashara kutoka pwani ya Afrika Mashariki walifika katika ikulu ya Buganda, nao walileta vitambaa vya pamba na vazi la kanzu. Wakubwa wakavipenda. Kisha ukaja Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900, ulioweka kodi ya nyumba ya rupia 3 kwa mwaka. Rupia haikubanduliwa mtini. Mwaka 1903 kampuni moja ya Kiingereza iliingiza mbegu za pamba ili ziwagawiwe wakulima, na tangu hapo pamba, na baadaye kahawa, ndiyo iliyokuwa njia ya mtu wa kawaida kupata fedha ya kodi, ya ada ya shule na ya shati. Mkulima aliyevaa magome alilima pamba, akaiuza, akanunua kitambaa cha pamba.

Dini mpya nazo zilikuwa na neno lao. Kwa kuwa lubugo ilitumika pia katika ibada za mizimu, waumini wengi waliitazama kwa hofu, na hata leo wapo wasiokubali iingie majumbani mwao. Hatimaye, mwaka 1967, falme za Uganda zikafutwa, na ikulu ambayo ilikuwa mteja mkubwa wa magome ikafungwa. Ufalme wa Buganda ulirudishwa mwaka 1993, na Kabaka Ronald Muwenda Mutebi II akatawazwa tarehe 31 Julai mwaka huo. Ndipo nyundo zilipoanza kusikika tena kwa wingi, kwa maana hakuna Kabaka atawazwaye bila ya lubugo.

Lakini kati ya miaka hiyo miti mingi ilikuwa imekwisha kuwa kuni. Heshima ya mtu ilihama kutoka vazi hadi nyumba ya matofali, na matofali huchomwa kwa moto wa kuni. Hapa pana jambo la kuangaliwa vyema na wale wasemao kwamba utamaduni daima huhifadhi mazingira. Kujenga nyumba ya matofali nako kumekuwa utamaduni. Utamaduni huutunza mti pale tu heshima ya watu inapoutegemea mti ulio hai. Heshima ikihamia kwenye mti uliokufa, utamaduni huo huo hushika shoka.

NJIA YA KAMPALA

Kutoka Masaka hadi Kampala ni kiasi cha kilomita 130. Gari hupita Lukaya, ambako wachuuzi hulizunguka wakiwa na mishikaki na kuku wa kuchoma, kisha huingia katika nchi tambarare ya matete na maji iitwayo Lwera, kandokando ya Ziwa Viktoria. Kwa miaka mingi mchanga umechimbwa katika ardhi oevu hiyo kwa ajili ya majumba ya mji mkuu, na mashimo yaliyojaa maji yamebaki kama makovu. Mchanga ulimpa mtu fedha siku ile alipoupakia, na shimo likabaki kwa watu wote. Msafiri aliyetoka kuuona mutuba ukivikwa majani ya mgomba hatakosa kulinganisha namna hizo mbili za kuchukua mali katika ardhi.

Baada ya Lwera gari huvuka mstari wa Ikweta pale Kayabwe, na kuingia wilaya ya Mpigi. Huko ndiko kilipo kijiji cha Nsangwa, maskani ya mafundi wa ukoo wa Ngonge, yaani ukoo wa fisi maji. Kila ukoo wa Buganda una wajibu wake mbele ya Kabaka, na wajibu wa Ngonge ni kumtengenezea lubugo. Mkuu wao wa ufundi huitwa Kaboggoza, na cheo hicho hurithiwa. Hapo mtoto hujifunza kwa kuketi karibu na gogo, akianza kwa kushika ncha ya gome wakati wakubwa wapigapo, mpaka siku atakapopewa nyundo.

Mjini Kampala kwenyewe nguo hiyo haionekani barabarani. Siku ya sherehe wanaume huvaa kanzu na koti, na wanawake huvaa gomesi yenye mabega yaliyochongoka na mshipi mpana kiunoni. Mavazi hayo mawili ndiyo yaitwayo leo vazi la Kiganda. Kanzu ilitoka pwani. Gomesi nayo husimuliwa kwamba ilishonwa na fundi wa Kigoa aitwaye Gomes mwanzoni mwa karne ya 20, kwa ajili ya wasichana wa shule ya Gayaza. Si aibu. Taifa lisilopokea jambo la wengine hudumaa. Lakini ni vyema kukumbuka kwamba vazi lililotoka mbali likawa la harusi, na lile lililoota nyuma ya nyumba likaachiwa kaburi.

Na kaburini halijaondoka. Muganda akifariki, mwili wake huzungushiwa lubugo, na kadiri alivyokuwa na jamaa wengi ndivyo nguo zizidivyo. Zamani kila jamaa alileta yake. Leo wengi huleta bahasha yenye fedha, kama Watanzania watoavyo rambirambi. Fedha hiyo huitwa mabugo. Jina limetoka katika gome lenyewe, na hata yule asiyejua mutuba una majani ya namna gani hulitamka kila aendapo msibani. Neno lilibaki baada ya kitu kwenda zake, jambo ambalo limezipata lugha nyingi.

PAZIA LA KASUBI

Mwisho wa safari hii ni kilima cha Kasubi, ambako wamezikwa Makabaka wanne: Mutesa I, Mwanga II, Daudi Chwa II na Mutesa II. Nyumba kuu, iitwayo Muzibu Azaala Mpanga, ni ya duara na imeezekwa nyasi kutoka kileleni hadi karibu na ardhi. Ilijengwa mwaka 1882 kama ikulu, ikageuzwa kaburi Mutesa I alipofariki mwaka 1884. Ndani, pete 52 za dari huwakilisha koo 52 za Buganda. Na katikati huning'inia pazia kubwa la lubugo. Nyuma ya pazia hilo mgeni haruhusiwi kupita. Mahali hapo huitwa Kibira, maana yake msitu, kwa kuwa Waganda husema kwamba Kabaka hafi, huingia msituni.

Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 nyumba hiyo iliteketea kwa moto. UNESCO, ambayo iliiorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2001, iliihamishia katika orodha ya mahali palipo hatarini. Fedha za ujenzi zilitoka katika serikali ya Uganda, katika ufalme, kwa wananchi, na kwa msaada wa Japani. Hata hivyo kazi ilichukua zaidi ya miaka kumi, na mahali hapo hapakuondolewa katika orodha ya hatari hadi mwaka 2023. Nyumba kama ile haijengwi kwa hundi peke yake. Huhitaji nyasi za aina yake, na nyasi huhitaji mahali pa kuota. Huhitaji waezekaji wa ukoo wa Ngeye, wenye haki na ujuzi wa kazi hiyo. Huhitaji magome, na magome huhitaji mituba iliyopandwa na watu ambao hawakujua kwamba siku moja nyumba ingeungua. Fedha yaweza kutafutwa kwa mwaka mmoja, mti hauwezi.

KIVULI KITIWE BEI

Je, kuna njia ya kulirudisha lile figa la mali? Dalili zipo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 lubugo imekuwa ikiuzwa Ulaya, hasa Ujerumani, ambako hutumiwa kupambia kuta na samani. Wabunifu hushona kofia, mikoba na magauni. Mwaka 2022 Uganda ilipofungua banda lake la kwanza katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice huko Italia, na kupewa tuzo ya kutajwa kwa heshima, magome yalikuwa miongoni mwa vitu walivyotumia wasanii wake.

Lakini soko la nje lina hatari zake. Soko likitaka magome mengi kuliko miti iliyopo, miti michanga itavuliwa kabla ya wakati wake, na ule ufundi usiouua mti utakuwa uuaji kama mwingine. Tena, kofia inayouzwa ghali mjini haimsaidii mukomazi kama yeye hajui bei yake. Hapo ndipo vyama vya ushirika vya mafundi na wakulima vinapohitajika.

Dalili iliyo kubwa zaidi, pengine, ni kahawa. Mutuba hauinyang'anyi kahawa chakula. Huipa kivuli, huitunzia unyevu na kuiangushia majani. Mkulima wa Masaka aliyebakiza mituba yake ana mazao mawili katika ardhi moja. Zaidi ya hayo, mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kukataa kahawa itokayo katika ardhi iliyofyekwa msitu baada ya mwaka 2020. Utekelezaji wake umekuwa ukiahirishwa, lakini ujumbe umefika: mnunuzi ameanza kuuliza habari za miti. Kivuli ambacho mnunuzi wa mkaa hakukitia katika bei, huenda mnunuzi wa kahawa akalazimika kukitia.

SOMO KWA JIRANI

Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alieleza kwamba utamaduni ndio roho ya taifa. Roho, hata hivyo, hukaa katika mwili, na mwili hula. Watanzania wenyewe wana ushahidi wa jambo hili. Wasukuma wa Shinyanga walikuwa na desturi ya kutenga malisho ya kiangazi yaitwayo ngitili. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, uliijenga kazi yake juu ya desturi hiyo, na nchi iliyokuwa jangwa ikarudishiwa miti. Wananchi walikubali kwa sababu ngitili iliwapa majani ya ng'ombe, kuni, asali na dawa. Haikuwa kumbukumbu tu ya mababu.

Somo la mutuba ni lile lile. Mti husimama pale ambapo watu wana sababu zaidi ya moja ya kuuacha usimame. Sababu ya kwanza ikidhoofika, ya pili huushikilia. Wahenga walisema kwamba mwacha mila ni mtumwa, nao walisema kweli. Lakini mila isiyomlisha mwenyewe nayo huachwa, na lawama isiwaangukie vijana peke yao. Wazazi wa Kagera, na wa mikoa mingine yote, wangefanya vyema kuuliza ni mti upi wa kwao uliokuwa na jina, kazi na heshima, kisha wakatafuta kazi mpya ya kuupa kabla shoka halijafika.

Kule Bukomansimbi mvua ziliporudi, mzee aliwaita mafundi kuja kuvua mituba miwili. Mjukuu alikuwapo. Hakuwa na pikipiki, wala hakuwa amesahau hamu yake ya kuipata. Gome la kwanza lilipotoka, shina likabaki jeupe na kulowa. Mafundi walikuwa bado wanalikunja gome, na hapakuwa na mtu mwenye mikono mitupu ila yeye. Mzee alimnyooshea majani ya mgomba. Kijana aliyapokea, akaanza kuyazungusha, kutoka chini kwenda juu, akaufunga mti kwa kamba.